Dume, dozi au kiinitete: njia nne za kupata zaigoti katika ng'ombe wa maziwa

Mfugaji anayeingia bandani alfajiri akamkuta mtamba wake anapiga kelele, hataki majani, na nyuma ananing'iniza ute mwangavu unaovutika kama utando wa buibui, yaani ameingia joto na anataka dume, ana takriban siku moja tu ya kuamua jambo litakaloonekana bandani kwake kwa miaka mingi. Ampeleke kwa dume la jirani, au ampigie simu mhimilishaji, mtaalamu wa kuingiza mbegu za dume kwa mkono? Na mhimilishaji akija, abebe dozi ya kawaida ya mbegu au ile ya bei kubwa inayotarajiwa kuleta ndama jike? Wale wanaosimulia habari za viinitete, yaani mimba changa za siku chache, vinavyotengenezwa maabara nao, wanazungumza na mtu mwenye ng'ombe watatu, au wanazungumza wao kwa wao?

Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne. Sitaanza na bei, ingawa najua ndiyo swali la kwanza kuulizwa, kwa sababu zote nne zinatafuta kitu kimoja kidogo kisichoonekana kwa macho, yaani seli moja inayopatikana pale mbegu moja ya dume inapoungana na yai moja la jike. Vitabu vya biolojia huiita zaigoti. Pesa ya mfugaji, hata kama risiti imeandikwa dume, dozi au huduma ya maabara, imelipia zaigoti hai, na asiyejua inavyopatikana anaweza kulipa mara tatu kwa mimba moja huku akimlaumu dume, mhimilishaji na ng'ombe kwa zamu, kumbe lililokosewa lilikuwa saa.

Zaigoti inavyopatikana ndani ya ng'ombe

Kila seli ya kawaida ya mwili wa ng'ombe ina kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Seli za uzazi peke yake ndizo hubeba nusu: yai 30 na mbegu 30, ili zikikutana hesabu irudi 60. Hapo ndipo ilipo maana yote ya kuzaliana kwa jinsia mbili, kwamba ndama si nakala ya mama wala ya baba, ni mchanganyiko mpya ambao haujawahi kuwapo.

Mkutano huo haufanyiki ndani ya mji wa mimba, kama wengi wanavyodhani, bali juu zaidi, katika mmoja wa mirija miwili ya uzazi inayotoka kwenye ncha za mji wa mimba kuelekea kwenye ovari. Yai, lenye upana unaozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya milimita, hudondoka kutoka kwenye ovari na kupokewa na mdomo wa mrija. Mbegu nazo hupanda kutoka chini. Zinapofika sehemu nyembamba ya mrija hujishikiza kwenye ukuta wake na kungoja, na kwa muda wa saa 6 hivi hupitia mabadiliko ambayo bila hayo haziwezi kulipenya yai hata zikiligusa. Mbegu iliyotoka sasa hivi kwa dume au kwenye mtungi wa mbegu zilizogandishwa bado haijaiva kwa kazi. Jambo hili husahaulika sana.

Mbegu moja ikishapenya, yai hubadilisha ngozi yake ya nje ili nyingine zisiingie, hukamilisha mgawanyiko wake wa mwisho uliokuwa umesimama, hutupa nje nusu ya kromosomu isiyohitajika, na ndipo viini viwili, cha mama na cha baba, vinasogeleana na kuungana. Hiyo sasa ni zaigoti. Baada ya siku moja na kitu inagawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, kisha nane, ikiteremka polepole kuelekea mji wa mimba, ambako hufika siku ya 4 au ya 5. Mpaka ifikie seli 8 hadi 16 huishi zaidi kwa akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Jeni zake yenyewe huanza kazi rasmi baada ya hapo. Ndiyo maana ng'ombe aliyekonda wiki kadhaa kabla ya kupandwa hasaidiwi sana na pumba anazomwagiwa siku ya joto: yai lake lilikwisha kuandaliwa katika njaa.

Sasa tuiangalie saa. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 kwa wastani, na kipindi cha kusimama akipandwa na wenzake bila kukimbia hudumu saa 12 hadi 18 kwa ng'ombe wa kisasa, kwa ng'ombe wa kienyeji mara nyingi pungufu ya hapo na mara nyingi usiku. Yai hudondoka kati ya saa 24 na 32 tangu kusimama kulipoanza, kwa maana nyingine joto limekwisha kupoa. Likishadondoka huwa bora kwa saa 6 hadi 12 tu. Mbegu huishi ndani ya jike saa 24 hadi 30. Ukizipanga namba hizi unaona kwa nini mbegu inatakiwa itangulie, ifike, iive na ingoje. Yai likitangulia, linazeeka likiwa peke yake.

Mama mmoja wa Rungwe alinipigia simu siku moja akiwa na haraka kweli. "Bwana mifugo, shikamoo. Ng'ombe wangu anatoa damu nyuma, uje na mbegu leo leo, joto limekuwa kali." Nilimwitikia na kumweleza kwa upole kwamba damu hiyo nyepesi iliyogandia mkiani ni dalili ya joto lililopita siku moja hadi tatu nyuma. Yai lilikuwa limekwisha kudondoka na kufa. Ningekwenda, ningechukua pesa yake bure. Nilimwomba aandike tarehe ya damu kwenye kalenda ya ukutani, ahesabu siku 18 kutoka hapo, kisha aanze kumwangalia ng'ombe asubuhi na jioni. Damu ile haikuwa hasara tupu, ilimpa tarehe.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa maswali manne. La kwanza ni nani anayetunza saa, dume mwenyewe, mfugaji au homoni. La pili ni nasaba: zile kromosomu 30 za upande wa baba unazijua kwa kiasi gani? La tatu ni hatari, yaani magonjwa, majeraha na uzazi mgumu. La nne ni gharama, ambayo sitaitaja kwa shilingi kwa sababu bei ya Hai, Tanzania, si ya Nyandarua, Kenya, na ya mwaka huu si ya mwakani, nitaeleza kinacholipiwa. Kuna gharama moja inayohusu njia zote: kila mzunguko unaopotea ni siku 21 za kumlisha ng'ombe asiye na mimba. Mizunguko 3 ni siku 63, miezi miwili mizima ambayo ndama na maziwa yanasogezwa mbele.

Njia ya kwanza: dume

Saa. Hapa dume hana mpinzani. Ananusa, anajua, anamfuata jike tangu dalili za mwanzo na kumpanda mara kadhaa ndani ya joto moja, usiku au mchana, mfugaji akiwa amelala au yuko sokoni. Kila anapopanda humwaga mbegu kwa mabilioni ndani ya uke, karibu na shingo ya kizazi. Wingi huo una sababu, kwa kuwa shingo ya kizazi huchuja na njia ni ndefu, na zinazofika kwenye mrija wa uzazi ni maelfu tu. Kwa kuwa anarudia, daima kuna mbegu iliyoiva inayongoja yai. Kwa ng'ombe wa kienyeji ambao joto lao ni fupi na la kificho, faida hii ni kubwa kuliko wahimilishaji wengi tunavyopenda kukiri.

Nasaba. Huo ndio udhaifu wake. Dume la kijiji unajua rangi yake, pembe zake na sifa anazopewa na mwenyewe. Maziwa ya mabinti zake huyajui mpaka wazae, na wakizaa vibaya umeshachelewa. Tena dume likikaa miaka mingi mahali pamoja litawapanda mabinti zake. Mtamba wa kisasa aliyelishwa vizuri anaweza kupandwa akiwa na umri wa miezi 15 hadi 18, kwa hiyo dume lililokaa kijijini miaka miwili na nusu limekwisha kukutana na watoto wake. Zaigoti ya baba na binti inaungana kama nyingine yoyote, lakini jeni mbovu zilizojificha upande mmoja zina nafasi kubwa ya kukutana na wenzao, na matokeo ni ndama dhaifu, mimba zinazopotea na uzazi unaoshuka kizazi hadi kizazi. Dume libadilishwe au lihamishwe kila baada ya miaka miwili. Wanaofanya hivyo kwa makubaliano ya kikundi wanaepuka tatizo hili kwa gharama ndogo sana.

Hatari. Yapo magonjwa yanayosambazwa kwa kupandana, hasa trikomona na kampilobakta, ambayo dume huyabeba bila kuonyesha dalili yoyote huku majike yakirudia joto mwezi baada ya mwezi. Ugonjwa mbaya wa kutupa mimba, brusela, nao unataka dume lipimwe kabla ya kukopeshwa kwa mtu. Zaidi ya hayo, dume kubwa la Friesian likimpanda mtamba mdogo linaweza kumvunja, na dume la maziwa, hata lililolelewa kwa mkono tangu utotoni, huua watu. Nimeona pete ya puani ikisahauliwa kuvalishwa kwa sababu "huyu ni mpole". Upole wa dume si dhamana.

Gharama. Anayelikodi analipa kidogo. Anayelifuga analilisha kila siku ya mwaka, analijengea banda imara, na anahitaji majike ya kutosha kuhalalisha chakula hicho. Dume lililokomaa linatosheleza majike 25 hadi 30, hivyo mwenye majike manne anafuga mdomo.

Anafaa nani? Mwenye kundi linalochungwa, ambaye hawezi kuona kila joto. Aliye mbali na barabara na mhimilishaji. Na anayetaka kuendeleza ng'ombe waliozoea mazingira yao, kama Boran, Sahiwal au Mpwapwa, kwa dume alilolichagua kwa makini.

Njia ya pili: uhimilishaji kwa dozi ya kawaida

Ni vizuri kumtazama mhimilishaji mzuri akifanya kazi, kwa sababu kila tendo lake linalinda jambo mojawapo kati ya yale niliyoyaeleza hapo juu. Mtungi wa naitrojeni ya kimiminika una baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Anainua kikombe hadi kwenye shingo ya mtungi, hakitoi nje, anachomoa kimrija kimoja cha plastiki chenye dozi kwa koleo na kukitumbukiza katika maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaani uvuguvugu wa mwili, kwa muda usiopungua nusu dakika. Anakifuta kikauke kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia linaua mbegu. Anakata ncha, anakiweka kwenye bunduki ya kuhimilishia aliyoipasha moto kwa kuisugua, anaificha ndani ya shati ipate joto la kifua, na anakwenda kwa ng'ombe bila kusimama njiani kuzungumza habari za mazao. Mkono wa kushoto unaingia kwa nyuma kuishika shingo ya kizazi, wa kulia unaipitisha bunduki katika mikunjo yake, na mbegu zinamwagwa taratibu pale tu mji wa mimba unapoanzia. Kwa kuwa amevuka kile kichujio cha shingo ya kizazi, mbegu milioni 20 hivi zinafanya kazi ambayo dume hutumia mabilioni.

Mbegu hizo zinahimili baridi hiyo kwa msaada wa gliserini, ambayo wanasayansi Polge, Smith na Parkes waligundua nchini Uingereza mwaka 1949 kuwa inazilinda mbegu zinapogandishwa. Kabla ya hapo uhimilishaji ulitegemea mbegu mbichi zinazodumu siku chache. Kituo cha Kabete nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilianza katika enzi hiyo ya mbegu mbichi. Kwa Tanzania kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha.

Saa. Hapa mzigo wote unahamia kwa mfugaji. Dume alikuwa anapanda mara kadhaa. Mhimilishaji anakuja mara moja. Kanuni iliyotokana na tafiti za miaka ya 1940 huko Nebraska, Marekani, bado ndiyo tunayoifundisha: akionekana amesimama asubuhi, ahimilishwe jioni ileile, akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Tuseme ameanza kusimama Jumatatu saa 12 asubuhi. Yai litadondoka Jumanne kati ya saa 12 asubuhi na saa 8 mchana. Mbegu zilizowekwa Jumatatu saa 12 jioni zitakuwa zimeiva kufikia usiku wa manane na zitaishi mpaka Jumanne jioni au zaidi kidogo, hivyo yai lolote litakalodondoka litazikuta. Zikiwekwa Jumatatu saa 1 asubuhi, kwa sababu mhimilishaji alikuwa anapita njia hiyo, nyingi zitakuwa zimechoka yai linapofika.

Kwa hiyo njia hii inamtaka mtu anayemwangalia ng'ombe angalau mara mbili au tatu kwa siku, dakika 20 kila mara, hasa alfajiri na jioni kukiwa na ubaridi, na wakati wa kuangalia asiwe anakamua wala kugawa majani. Ng'ombe anayewapanda wenzake anaweza kuwa anakaribia joto. Anayesimama akipandwa ndiye mwenyewe. Aliye na ng'ombe mmoja tu bandani hana wa kumpanda, hivyo ategemee ute, kelele, maziwa kushuka ghafla na kukosa utulivu.

Kuna wanaokwepa kazi hiyo kwa homoni. Sindano ya prostaglandini humfanya ng'ombe mwenye mzunguko kuingia joto ndani ya siku 2 hadi 5, na mipango ya sindano kadhaa huwezesha kuhimilisha kundi zima siku moja iliyopangwa, jambo linalosaidia sana mhimilishaji anapotoka mbali. Lakini prostaglandini hiyohiyo humtoa mimba ng'ombe mwenye mimba changa. Apimwe kwanza, na asiyefahamika tarehe zake asiguswe.

Nasaba. Dozi huja na jina la dume, namba yake na taarifa za mabinti zake. Mfugaji wa ng'ombe wawili anaweza kutumia mbegu za dume ambalo asingeweza kulinunua hata akiuza shamba. Faida hiyo hudumu tu akiweka kumbukumbu. Asiyeandika namba ya dume atajikuta, miaka mitatu baadaye, anamhimilisha binti kwa mbegu za baba yake, na kosa la dume la kijiji litakuwa limeingia kwa mlango wa kitaalamu.

Hatari. Madume ya vituoni hupimwa magonjwa, hivyo maambukizi ya kupandana hupungua sana. Hatari inayobaki ni mkono usio na ujuzi au usafi, unaoingiza uchafu mahali ambapo dume halifiki, na kumhimilisha ng'ombe ambaye tayari ana mimba. Katika kuchagua dozi kwa mtamba, swali la kwanza liwe kama dume huyo anajulikana kwa ndama wa kuzaliwa kirahisi. Jersey, aina ya ng'ombe wenye umbo dogo, kwa mtamba mdogo ni chaguo ambalo sijawahi kulijutia.

Gharama. Unalipia dozi, safari ya mhimilishaji na, asiposhika, safari nyingine. Hulishi dume. Uliza mapema kama marudio yanalipiwa upya.

Inamfaa mfugaji wa ndani mwenye ng'ombe wachache, aliye karibu na mhimilishaji anayepatikana jioni na siku za mapumziko pia, na mwenye kalenda na kalamu.

Njia ya tatu: dozi ya mbegu zilizotenganishwa jinsia

Jinsia ya ndama huamuliwa na mbegu, kwa kuwa yai daima hubeba kromosomu X, na mbegu hubeba ama X ama Y. Mbegu za X zina chembe za urithi zaidi kwa karibu asilimia 4, na mashine huzipaka rangi, kuzimulika moja moja na kuzitenga kwa tofauti hiyo ndogo. Dozi ya majike hutoa ndama jike kwa takriban asilimia 90. Haifiki 100, na mwenye kuahidi 100 anauza maneno.

Saa. Kutenganishwa huzichosha mbegu, na dozi moja mara nyingi huwa na milioni 2 hadi 4 tu. Nafasi ya kukosea inabanwa, na wataalamu wengi hushauri kuhimilisha kwa kuchelewa kidogo, saa 16 hadi 24 tangu kusimama kuanze, ili mbegu dhaifu zisingoje muda mrefu. Mwenye mashaka kuhusu saa ya joto asinunue dozi hii. Kiwango cha kushika mimba huwa chini kuliko cha dozi ya kawaida, hata kila kitu kikifanywa sawa.

Nasaba. Ni sawa na njia ya pili, ila madume ya kuchagua ni machache zaidi.

Hatari. Ni zilezile, na kuna nafuu moja: ndama jike kwa kawaida ni mdogo kidogo, hivyo mtamba wa kwanza huzaa kwa urahisi zaidi.

Gharama. Dozi ni ghali mara kadhaa, na ukiigawa gharama hiyo kwa uwezekano mdogo wa kushika, mtamba anayezaliwa huwa ghali kuliko bei iliyoandikwa kwenye risiti. Kwa anayeuza mitamba hesabu bado inalipa. Kwa anayetaka maziwa tu, jinsia ya ndama haibadilishi debe la leo.

Inawafaa wenye mitamba wenye afya, waliofikia uzito, wenye mizunguko inayojulikana. Siishauri kwa ng'ombe mzee, aliyekonda au aliyekwisha kurudia joto mara mbili.

Njia ya nne: kupandikiza kiinitete

Njia tatu zilizopita huacha zaigoti iundwe ndani ya ng'ombe atakayebeba mimba. Hii inatenganisha mambo hayo. Ng'ombe bora hupewa homoni atoe mayai mengi kwa mara moja, huhimilishwa, na siku ya 7 viinitete huoshwa kutoka mji wake wa mimba na kuwekwa kwa majike mengine ya kawaida. Au mayai huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye ovari kwa sindano inayoongozwa na mashine ya mawimbi ya sauti, yakaivishwa maabara kwa siku moja, yakakutanishwa na mbegu ndani ya kisahani, na zaigoti ikalelewa humo mpaka siku ya 7.

Saa hapa inatunzwa na mtaalamu, lakini haifutiki: mpokeaji lazima awe ameingia joto siku zinazolingana na umri wa kiinitete, tofauti isizidi siku moja hivi. Nasaba inatoka pande zote mbili, kwa hiyo ng'ombe wa kienyeji anaweza kuzaa ndama asiye na jeni zake hata moja, na ndama huyo akiwa mkubwa kwa nyonga za mpokeaji, uzazi utakuwa mgumu. Gharama ni ya maabara, homoni, wataalamu na wapokeaji wengi ambao baadhi hawatashika.

Ina faida moja isiyosemwa sana, nayo ni ya sehemu zenye joto kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Zaigoti katika siku zake mbili za kwanza huumizwa vibaya na joto la mwili wa mama aliyechemka, lakini kiinitete cha siku 7 kimekwisha kupita udhaifu huo. Anayetumia njia nyingine pwani anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kivuli, maji mengi na kuhimilisha nyakati za baridi.

Inawafaa mashamba ya kuzalisha ng'ombe wa nasaba bora, vikundi vyenye ufadhili wa uhakika, na mwenye ng'ombe wa kipekee anayetaka watoto kumi wake ndani ya mwaka mmoja. Mwenye ng'ombe watatu aisome kwa kujua tu.

Kuchagua kwa hali yako

Kama ng'ombe wako wanachungwa mbali na huoni joto lao, tumia dume lililopimwa, na liwekee tarehe ya kuondoka siku linapoingia. Kama uko ndani ya eneo la mhimilishaji, una ng'ombe mmoja hadi kumi na mtu wa kuwaangalia, anza na dozi ya kawaida, na baada ya kila huduma andika tarehe, namba ya dume na siku ya 21 itakayofuata.

Kama una mitamba wenye afya na soko la mitamba, wahimilishe kwa dozi ya majike mara ya kwanza, na wakirudia, tumia ya kawaida. Hakuna aibu kuchanganya njia. Wafugaji wengi makini huhimilisha mara mbili, kisha humpeleka aliyeshindikana kwa dume lililopimwa.

Kama ng'ombe amerudia joto mara tatu mfululizo kwa njia yoyote, acha kulinganisha njia na mwite daktari wa mifugo amkague kizazi, kwa sababu zaigoti inawezekana ilikuwa inapatikana kila mara na kufa siku chache baadaye, na kwa macho hali hiyo haitofautiani na ya ng'ombe ambaye hakushika kabisa. Akirudia kwa siku 21 kamili, ama mbegu na yai havikukutana, ama kiinitete kilikufa kabla ya siku ya 16 hivi, ambapo kilitakiwa kumpa mama ishara ya kutoanza mzunguko mpya. Akirudia kwa siku 30 au 35, huenda kilifika mbali zaidi kabla ya kufa. Tarehe hizo mbili kwenye kalenda ya ukutani ndizo atakazoziuliza daktari kabla hajavaa glavu.